FAHAMU: Namna Majani ya Mimea Yanavyotumika Kupima Uchafuzi wa Naitrojeni Misituni

Milima ya Matengo wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, ina mashamba ya kahawa na misitu, na maji ya miteremko yake ya magharibi huishia Ziwa Nyasa. Katika mazingira ya namna hiyo, naitrojeni inayozidi mahitaji ya mazao haibaki shambani. Hushuka na maji ya mvua au kupaa ikiwa gesi, kisha hutua msituni na ziwani. Kupima isotopu za naitrojeni katika majani ni miongoni mwa njia za kitaalamu za kufuatilia mwendo huo.

Isotopu ni nini?

Atomi za naitrojeni zipo za aina mbili zilizo thabiti: nyepesi yenye uzito wa 14 na nzito yenye uzito wa 15. Kati ya kila atomi 1,000 zilizo hewani, takribani 996 ni nyepesi. Vijidudu vya udongoni hutumia nyepesi kwa urahisi zaidi, hivyo naitrojeni inayopotea kwa maji au gesi huwa nyepesi, na inayobaki huwa nzito. Udongo unapokuwa na naitrojeni nyingi kuliko mimea inavyoweza kuihifadhi, upotevu huongezeka na majani huanza kuonesha uzito huo.

Vyanzo navyo huacha alama zake. Mbolea ya viwandani hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewa, hivyo uwiano wake hukaribia ule wa hewa. Samadi iliyokaa huwa na naitrojeni nzito zaidi, kwa kuwa gesi ya amonia inayotoka humo huondoka na ile nyepesi.

Mfano wa Kilimanjaro

Utafiti uliofanyika Mlima Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2019 katika jarida la Biogeosciences ulipima majani mabichi, majani yaliyoanguka na udongo kuanzia savana hadi maeneo ya juu ya mlima, yakiwamo mashamba. Naitrojeni nzito ilikuwa kwa kiwango kikubwa zaidi katika savana na ardhi inayolimwa kuliko katika misitu ya mlimani. Hii huashiria kuwa msitu huizungusha naitrojeni ndani ya mfumo wake, ilhali ardhi inayotumiwa na binadamu huipoteza kwa wingi.

Vipimo hufanyikaje?

Majani hukusanywa kutoka ukingo wa shamba hadi ndani ya msitu, hukaushwa, husagwa na kupimwa kwa mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Ulinganisho sahihi huhitaji mimea ya aina moja, katika mwinuko na udongo unaofanana, kwa sababu joto, mvua na aina ya mmea pia hubadili matokeo. Kwa hiyo kipimo hiki huambatana na vipimo vya naitrojeni yote iliyo kwenye jani na ya nitrati katika vijito.

Umuhimu kwa wananchi

Naitrojeni ikizidi, udongo wa msitu huongezeka tindikali na kupoteza madini ya kalisi na magnesi. Ikifika ziwani, huchochea mwani na kuathiri mazalia ya samaki. Hata hivyo, mkulima wa kahawa hawezi kuvuna bila naitrojeni. Kipimo cha isotopu husaidia kubaini kama chanzo ni mbolea, samadi au moshi, ili hatua zilenge mhusika halisi badala ya kumlaumu kila mkulima.

Wananchi wanaweza kupunguza upotevu kwa kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kuiweka kwa awamu na kuepuka kuiweka mvua kubwa inapokaribia. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo, kinachofukia nyasi na kuchimba vishimo vya kuzuia maji mteremkoni, hutunza udongo na rutuba yake. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa.