Ndovu Mweupe Aliyekataliwa Uhuru Park

Juzi nikiwa kwenye matatu kutoka Kangemi kuelekea tao, jamaa mmoja alituonyesha jengo lililokwama kando ya barabara akasema, "Hiyo nayo ni white elephant." Tukacheka. Lakini ni wangapi wetu wanajua huyo ndovu mweupe alitoka wapi?

Alitoka Siam, ambayo siku hizi ni Thailand. Huko alikuwa mnyama mtakatifu wa mfalme, hata alichorwa kwenye bendera yao ya zamani. Husimuliwa kwamba mfalme akimchukia mkuu fulani, hakumfunga. Alimzawadia ndovu mweupe. Huwezi kumkataa, huwezi kumuuza, huwezi kumfanyisha kazi, na kila siku lazima ale. Mwishowe mwenye zawadi anafilisika. Waingereza wakaichukua hadithi hiyo wakaifanya msemo: kitu cha fahari kinachomfilisi mwenyewe.

Wahenga wetu walisema ndovu hashindwi na mkonga wake. Sawa, ndovu hashindwi. Anayeshindwa ni anayemlisha!

Sasa, Nairobi nusura tuletewe mmoja. Mwaka wa 1989, chama tawala cha KANU na tajiri wa magazeti kutoka Uingereza, Robert Maxwell, walipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilikadiriwa kuwa kama dola milioni 200, nyingi zikiwa za mkopo. Wangari Maathai akakataa. Akaandika barua kila upande, akaenda kortini. Kesi ikatupwa, wabunge wakamkejeli, na shirika lake la Green Belt likafurushwa ofisini. Lakini kelele zake ziliwafikia wawekezaji wa nje, wakaingia baridi. Jumba halikujengwa. Ndiyo maana leo ukipita Uhuru Highway unaona miti.

Somo langu ni hili. Yule mkuu wa Siam hakuwa na ruhusa ya kukataa zawadi. Sisi tunayo, ila ni kabla ndovu hajaingia uani. Akishaingia, kodi yako ndiyo nyasi yake.

Kwa hivyo mradi ukizinduliwa mtaani kwenu, Kawangware au Westlands, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza: huyu atakula nini, na nani atamlisha?