Kadi za Michoro na Lugha Iliyobaki Yatima

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yawafaa wale wanaokusanya kadi kuukuu za michoro, yaani vibao vinavyoiwezesha kompyuta kutoa picha kwenye kioo chake.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya CGA, ambayo michoro yake ilikuwa ya rangi 4 tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 ikaja Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, huko Marekani, iliyoharakisha mno michoro ya pande tatu. Kadi hiyo iliamrishwa kwa lugha yake yenyewe, Glide, na michezo mingi ilitungwa kwayo. Lakini Desemba 2000 3dfx ilikubali kuuza mali zake kwa mshindani wake, Nvidia. Lugha ile ikabaki yatima.

Sisi walimu wa lugha twaijua hasara ya hati isiyo na msomaji. Kweli, siku hizi zipo programu zinazoiga Glide, lakini mwigo hupimwa kwa asili yake. Kwa hiyo mkusanyaji anayefuta vumbi na kubadilisha kapasita zilizovuja hachezi: anamtunza msomaji wa mwisho.