Ulinzi wa Mtoto Mchanga: Mafunzo Kutoka Historia ya Unguja

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu anapowaruzuku mume na mke mtoto wao wa kwanza, nyumba hujaa furaha, na nyuma ya furaha huingia khofu. Mtoto akilia, wazee wake hawajui analilia nini. Akinyamaza, huinama kumsikiliza kama anapumua. Bibi mzaa mama atasema hivi, bibi mzaa baba atasema vile, na nesi wa spitali naye ana lake. Wazazi hawa wapya wamfuate nani?

Suala hili si geni. Watu wa kisiwa chetu wamelikabili kabla yetu, na majibu waliyoyapata waliyalipia kwa makaburi madogo. Basi ni haki yao juu yetu tuyajue. Mtoto ni amana, na mwenye kuchukua amana hulazimika kujua inahifadhiwa vipi.

Tuanze na wazee wetu wa zamani. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 akatoa kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Humo ameeleza namna mtoto mchanga alivyokuwa akitunzwa: huoshwa kwa maji ya moto, hutiwa poda ya harufu nzuri, kisha hufungwa vitambaa tangu mabegani mpaka miguuni. Mara mbili kwa siku hufunguliwa akaogeshwa, na hali huwa hiyo mpaka zitimie siku arubaini.

Arubaini haikuwa ya watu wa kasri peke yao. Kuanzia Malindi mpaka Ng'ambo, na kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, mzazi alikaa ndani, akafungwa mkaja, akapikiwa uji wa pilipili manga, na kazi za nyumba zikachukuliwa na mama yake, dada zake na majirani. Mtoto hakutolewa nje ovyo, wala hakupitishwa mikononi mwa kila aliyekuja kutoa mkono wa kheri.

Sasa tulitazame jambo hili kwa jicho la elimu. Mtoto wa wiki ya kwanza hana nguvu ya kupigana na maradhi. Kila mkono unaomshika na kila pumzi inayomkaribia huweza kumletea kikohozi au homa. Ada iliyomweka ndani pamoja na mama yake, ikampunguzia wageni, ikampumzisha mama na kumweka mtoto karibu na ziwa, ilikuwa ni ulinzi wa kweli. Wazee hawakuwa wameviona vijidudu, lakini walikuwa wameyaona matokeo, na wakayawekea mpaka. Anayeicheka arubaini leo anacheka asichokielewa.

Walakini, msomaji, insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Ulinzi ule ulikuwa na milango iliyo wazi, na mauti yaliingia kwa milango hiyo.

Mlango wa kwanza ni maji. Mji Mkongwe wa karne ya 19 ulikunywa maji ya visima vifupi, na karibu na visima hivyo yalikuwako mashimo ya vyoo na taka. Kipindupindu kiliuingia mji zaidi ya mara moja. Kile cha mwaka 1869 mpaka 1870 kilishuhudiwa na daktari James Christie, Mwingereza aliyekuwa akitibu hapa, naye akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Sasa fikiri: mama aliyefunga mlango wake siku arubaini, akamkinga mwanawe na jua na upepo, kisha akamwogesha na kumnywesha maji ya kisima kile, ulinzi wake ulifaa nini? Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alivuta maji safi kutoka Chemchem yakafika mjini. Mtoto mchanga hakujua jina la Seyyid, lakini yale maji yalimlinda. Tunajifunza hapa kuwa kumlinda mtoto si kazi ya mama peke yake. Mwenye mji naye ana sehemu yake, na jirani naye ana yake.

Mlango wa pili ulikuwa ndani ya chumba chenyewe, nao ni kitovu. Katika siku za mwanzo baadhi ya watoto waliozaliwa wazima walikuwa wakiacha ghafla kunyonya. Taya hukaza, mwili hukakamaa kama upinde, na baada ya siku chache hufariki. Watu waliyaita maradhi hayo pepopunda, na jina lenyewe linakuonyesha fikra zao zilielekea wapi: walimtuhumu pepo. Wakatafuta mganga, wakafukiza, wakafunga hirizi.

Ukweli ulikuwa karibu zaidi. Kijidudu cha pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mwaka 1889 mtaalamu wa Kijapani, Kitasato, alipokuwa akifanya kazi Berlin, alifanikiwa kukitenga na kukiotesha peke yake, na mwaka uliofuata yeye na Behring wakaonyesha kuwa mwili unaweza kupewa kinga dhidi ya sumu yake. Basi kisu kisichochemshwa, au jivu au udongo uliopakwa kitovuni kwa nia njema ili kikauke upesi, ndivyo vilivyokuwa vikimtia mtoto maradhi. Mkono uliomuua ulikuwa mkono uliompenda.

Leo mama mjamzito hudungwa sindano ya pepopunda, naye humrithisha mwanawe kinga kabla hajazaliwa. Mkunga hukata kitovu kwa wembe mpya, na kitovu huachwa kikavu na safi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imefikia kiwango cha kuyatokomeza maradhi haya kwa wazazi na watoto wachanga. Hapakupungwa pepo yeyote. Palisafishwa wembe, na palichanjwa mama.

Mlango wa tatu ndio ulio mpana kuliko yote, nao ni mbu. Wazee walipomwona mtoto ana homa kali, kisha macho yakapinduka na viungo vikatikisika, walisema ana degedege, na wengine wakasema kuna ndege aliyepita juu yake usiku. Kweli alikuwako aliyepita usiku kwa mbawa, lakini alikuwa mbu. Ronald Ross alimthibitisha nchini India mwaka 1897, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mtoto mwenye degedege mara nyingi ni mtoto ambaye homa imemzidi, na malaria ilikuwa sababu kubwa kabisa katika nchi zetu za pwani. Kila saa iliyopotea katika kumfukiza ilikuwa saa iliyoibiwa katika uhai wake.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo historia ya Unguja ina fundisho ambalo ningependa kila baba na mama alishike. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, kulianzishwa kampeni kubwa ya kupiga dawa ya DDT katika nyumba za Unguja na Pemba. Kabla yake, zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria. Kufikia mwaka 1968 walikuwa chini ya watu 5 katika kila 100. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Kisha mradi ukafungwa mwaka huo huo, na upigaji dawa ukasita.

Likatokea nini? Mbu hakuwa na khabari ya mradi kufungwa. Haikupita miaka mingi malaria ikarudi kwa nguvu zake za zamani. Sisi tuliokuwa chuoni katika miaka ya 1970 tunakumbuka namna nafasi za wenzetu zilivyokuwa tupu msimu wa masika, na mwalimu akatuombesha dua ya wagonjwa. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa kupiga DDT, lakini mbu walikuwa wameshaanza kuizoea dawa ile, na mafanikio yakawa madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ukuta ule tuliujenga kwa gharama kubwa.

Mara ya tatu ilikuwa mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2003 dawa mpya za mseto zilianza kutolewa bure katika vituo vya afya vya Unguja na Pemba. Kufikia mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimegawiwa kwa wingi kwa wajawazito na watoto wadogo, na nyumba zikaanza kupigwa dawa. Katika Wilaya ya Kaskazini A, hapa Unguja, uchunguzi ulionyesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 52 baina ya 2002 na 2005. Na watoto wa umri huo waliokutwa na vijidudu vya malaria walishuka kutoka 9 katika kila 100 mwaka 2003 hadi chini ya 1 mwaka 2006. Zingatia maana ya hesabu hizi. Katika kila vitanda viwili ambavyo vingebaki vitupu, kimoja kilibaki na mtoto wake.

Lakini mafanikio haya yana hatari yake, nayo ni usahaulifu. Mama kijana wa leo pengine hajawahi kumwona mtoto wa degedege. Huuliza kwa nini ajisumbue na chandarua chenye joto ilhali malaria haipo. Jibu ni kuwa malaria imepungua kwa sababu chandarua kipo. Mwaka 1968 tulidhani adui asiyeonekana amekufa, kumbe alikuwa nje ya mlango akisubiri mlinzi asinzie.

Watakuwepo watakaosema: kinga ni ya Mungu, na umri umeandikwa. Neno hilo ni la haki, lakini wengine hulitumia pasipo mahali pake. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ikiwa ngamia hufungwa, mtoto je? Na katika mafunzo yake Mtume (S.A.W.) ameagiza watoto wazuiliwe ndani jua linapotua, vyombo vifunikwe, na taa zizimwe wakati wa kulala. Siwezi kusema kuwa agizo lile lilikuja kwa ajili ya mbu. Hekima yake anaijua Mwenyezi Mungu. Nasema tu kuwa dini yetu imetufunza kuwa usiku una ulinzi wake, na kuwa kumlinda mtoto ni katika utiifu.

Wanavyuoni wetu nao hawakuliacha jambo hili kwa vikongwe peke yao. Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za mtoto anayezaliwa, na ndani yake akaeleza kuwa mtoto atoshelezwe na maziwa mpaka aanze kuota meno, kisha azoezwe chakula laini kidogo kidogo. Meno ya kwanza aghalabu huota kiasi cha mwezi wa 6, na miezi 6 ya maziwa ya mama matupu ndiyo wanayoyausia madaktari wa leo. Na katika Sura ya Al-Baqara umetajwa ukomo wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Unaona, msomaji, kuwa elimu ya kweli haigombani na nyenzake.

Basi nirudi kwa wale wazazi wapya waliosimama baina ya bibi na nesi. Ushauri wangu ni huu. Kwa bibi chukueni arubaini: mapumziko ya mama, uji wake, wageni wachache, mikono mingi ya kusaidia, na kutomtoa mtoto magharibi. Mwacheni na jivu la kitovuni. Moshi wa udi nao usiingie chumba cha mtoto, kwani kifua chake ni chembamba. Wanja wa manga msimpake machoni, kwa kuwa mara nyingi huwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka. Mlazeni chali, ndani ya chandarua, kila usiku, kiangazi na masika.

Kwa nesi chukueni chanjo kwa tarehe zake: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9 na wa 18. Akiacha kunyonya, akipumua kwa shida, akishikwa na homa au degedege, mpelekeni spitali kwanza, na dua msomeeni njiani.

Na wewe baba, usiseme haya ni mambo ya wanawake. Chandarua kikitoboka kishone, au nunua kipya. Kidimbwi nyuma ya nyumba kifukie. Siku ya kliniki ijue kama unavyoijua siku ya mshahara. Historia ya Unguja imetuonyesha mara mbili kuwa ulinzi unaweza kushinda, na imetuonyesha pia kuwa ulinzi ukiachwa hauachi chochote nyuma yake. Kila mtoto anayezaliwa huanza upya, hana kinga ya jana, na hungoja kuona kama sisi tuliotangulia tungali macho.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe akili ya kuzishika sababu pamoja na moyo wa kumtegemea Yeye. Amin.