Baiskeli Hujenga Pumzi, Mteremko Huzoesha Magoti: Mwongozo kwa Wapanda Milima wa Songea

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kila mwezi Desemba unapokaribia, makundi ya Watanzania hujiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, wakifuata nyayo za Luteni Alexander Nyirenda aliyesimamisha bendera ya Taifa na Mwenge katika kilele hicho usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Miongoni mwao wamo watumishi wa umma, walimu, wafanyabiashara na vijana wanaopanda kwa burudani, si kwa ajira. Hawana kocha wala muda mwingi wa mazoezi, na fedha za vifaa ni za kuhesabu.

Kwa mkazi wa Songea, zoezi lililo karibu zaidi ni baiskeli. Ndicho chombo kinachompeleka shambani, sokoni na kazini, na barabara za Manispaa hii zina miinuko ya kutosha kumtoa mtu jasho. Wengi huamini kwamba anayemudu miinuko hiyo kwa baiskeli amekwisha kuwa tayari kwa mlima. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu magoti wakati wa kushuka. Makala haya yanaeleza namna ya kugawa muda kati ya baiskeli na mazoezi mengine, na namna ya kuchagua vifaa bila kupoteza fedha.

Kinachojengwa na baiskeli

Baiskeli huimarisha moyo, mapafu na misuli ya mapaja bila kuyagonga magoti, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na kiti. Kwa sababu hiyo inamfaa mtu mwenye uzito mkubwa, aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, au mwenye umri uliosogea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Anayekwenda kazini kwa baiskeli dakika 20 asubuhi na 20 jioni, siku tano kwa wiki, hufikisha dakika 200 kabla hajatenga muda wowote wa ziada.

Kipimo rahisi cha mwendo ni mazungumzo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi fupi, mwendo ni mkali. Sehemu kubwa ya mazoezi ya mpanda mlima iwe katika mwendo wa wastani, kwa kuwa mlima hupandwa kwa saa nyingi na kwa hatua za taratibu.

Kisichojengwa na baiskeli

Anayeendesha baiskeli hushuka mteremko akiwa amekaa. Anayeshuka mlima hubeba uzito wake wote katika kila hatua, huku misuli ya mbele ya paja ikijikaza na wakati huohuo ikivutwa kurefuka ili kumzuia asianguke. Kazi hiyo ndiyo huleta maumivu makali siku moja hadi tatu baadaye, na kukanyaga pedeli hakuizoeshi misuli kuifanya. Aidha, baiskeli haiimarishi vifundo vya miguu dhidi ya kuteguka, wala haizoeshi mabega na mgongo kubeba begi.

Mfano wa njia ya Marangu unaonesha uzito wa jambo hili. Siku ya kilele, mpandaji huondoka kituo cha Kibo, takriban mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, na kufika Uhuru kwenye mita 5,895. Kisha hurudi hadi kituo cha Horombo, takriban mita 3,720, siku hiyohiyo. Kwa hesabu hiyo, hupanda mita 1,175 na kushuka mita 2,175. Mteremko wa siku hiyo unakaribia kuwa mara mbili ya mwinuko wake, na mpandaji huuanza akiwa hajalala na miguu yake imechoka.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Hata zoezi moja la kushuka mlima huacha kinga inayodumu kwa wiki kadhaa, na zoezi la pili huuma kidogo kuliko la kwanza. Kwa hiyo anayeendesha baiskeli hahitaji kuiacha. Anahitaji kutenga siku moja ya wiki kwa ajili ya miguu yake.

Ratiba ya wiki 12

Kwa mtu mwenye kazi ya siku nzima, mgawanyo ufuatao unatosha:

Jumatatu: mapumziko.
Jumanne: baiskeli kwa mwendo wa wastani, dakika 45 hadi 60.
Jumatano: mazoezi ya nguvu nyumbani, dakika 30. Haya ni kuchuchumaa na kusimama, kupanda na kushuka ngazi au kigoda imara, kuinua visigino, na kujikaza tumbo na mgongo.
Alhamisi: baiskeli kwenye mwinuko. Panda kwa nguvu dakika tatu, shuka taratibu, rudia mara nne hadi sita.
Ijumaa: mapumziko, au kurudia mazoezi ya nguvu.
Jumamosi: kutembea mlimani na begi mgongoni, kuanzia saa mbili hadi kufikia saa sita.
Jumapili: mapumziko, au baiskeli ya polepole.

Begi lianze na kilo 4 na lisizidi kilo 8, kwa kuwa mizigo mikubwa Kilimanjaro hubebwa na wapagazi. Ongeza muda kidogo kidogo, kiasi cha sehemu ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza mazoezi ili mwili upumzike. Mteremko mkali wa mwisho ufanyike wiki mbili kabla ya safari. Siku zinazobaki ni za mazoezi mepesi na usingizi.

Anayelenga Desemba aanze kujiandaa mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, wakati wa kiangazi. Mvua za Songea huanza kati ya Novemba na Desemba, na anayesubiri hadi hapo hukuta njia za milimani zikiteleza.

Mahali pa mazoezi

Kwa baiskeli ya masafa, barabara ya kwenda Peramiho, umbali wa kilomita zipatazo 24, inatosha kwa zoezi la mwisho wa wiki. Kwa miguu, Mlima Chandamali, unaokumbukwa katika historia ya Vita vya Majimaji na Nduna Songea Mbano, uko karibu na makazi na unafaa kwa anayeanza. Milima ya Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma, inampa mpandaji miteremko mirefu zaidi. Msitu wake ni hifadhi ya vyanzo vya maji, hivyo mpandaji aombe kwanza ruhusa kwa ofisi ya misitu, afuate njia zilizopo, asiwashe moto na asiache taka. Wenye nafasi ya kusafiri wanaweza kwenda milima ya Umatengo wilayani Mbinga, ambako njia za mashambani hupanda na kushuka mfululizo.

Vifaa: cha kununua, cha kukodi, cha mitumba

Fedha ya kwanza iende kwenye viatu. Chagua vyenye soli ya kushika ardhi na nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole vya miguu, kwa kuwa wakati wa kushuka mguu husogea mbele na kucha huumia. Vivaliwe katika matembezi yote ya Jumamosi; kiatu kipya hakivaliwi kwa mara ya kwanza mlimani.

Fedha ya pili, kwa mwendesha baiskeli, iende kwenye breki na kofia ngumu. Baiskeli nzito ya kawaida isiyo na gia, kama Phoenix, inafaa kabisa kwa mazoezi, mradi breki zishike, tairi ziwe nzima na taa ziwepo kwa anayerudi jioni. Kiti kirekebishwe: kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, goti liwe limenyooka. Kiti kilicho chini mno ni chanzo cha kawaida cha maumivu ya mbele ya goti.

Mavazi ya baridi yanapatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo kileleni ni baridi kuliko hapa kwa nyuzi zipatazo 30, kabla ya kuhesabu upepo. Vaa tabaka tatu: nguo ya ndani inayokauka haraka, sweta ya sufu au jaketi zito, na koti la kuzuia mvua na upepo. Epuka nguo ya pamba karibu na ngozi, kwa sababu hushika jasho na kumpoza mvaaji.

Vitu viwili visinunuliwe mitumba bila tahadhari. Cha kwanza ni kofia ngumu, kwa kuwa iliyokwisha kupigwa huweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Cha pili ni viatu vya mlima vilivyokaa ghalani miaka mingi. Soli za aina fulani huoza kwa ndani hata kama hazijavaliwa, kisha hubanduka njiani. Mfuko wa kulalia, fimbo za kutembelea na jaketi la kileleni hukodishwa Moshi; hakuna sababu ya kununua vifaa vya siku sita.

Mwinuko hauna mbadala

Hakuna zoezi la Songea linaloweza kuuandaa mwili kwa hewa ya kileleni, ambako oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwenye afya nzuri hupatwa na ugonjwa wa mwinuko kama mwingine yeyote. Mara nyingine hupatwa mapema, kwa kuwa huenda haraka. Kinga ni kupanda taratibu na kuchagua ratiba yenye siku ya ziada. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu ni dalili ya kusimama. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi ukiwa umepumzika ni dalili ya kushuka mara moja, hata kama kilele kinaonekana.

Kabla ya kuanza mazoezi, wananchi wanashauriwa kupima afya zao katika vituo vya kutolea huduma, hususan wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu, selimundu au upungufu wa damu, pamoja na wajawazito. Kilimanjaro hupandwa kwa kibali na kwa kuongozwa na waongozaji waliosajiliwa. Safari ya basi kutoka Songea hadi Moshi ni ndefu, hivyo ni busara kulala Moshi angalau usiku mmoja kabla ya kuingia lango la hifadhi.