Mama Asha Wawili

Msomaji, nianze kwa kuungama. Mwaka 2019 nilimtia aibu mama yangu mdogo mbele ya watu, na chombo nilichotumia kumtia aibu ni lugha ya kompyuta. Kisa chenyewe nitakifikia. Kwanza ujue nilifikaje huko.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko Tandale, kazi sina. Mshkaji mmoja akaniachia kompyuta ya mtumba, betri imekufa, haiwaki bila waya wa umeme. Nikaamua kujifunza Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum alianza kuitengeneza wakati wa likizo ya Krismasi ya 1989 ili asikae bure. Nilipata kitabu, nikakisoma kama tulivyosoma shuleni: sura baada ya sura, nakariri, naandika mukhtasari. Miezi mitatu! Ukiniuliza maana ya neno lolote, nakujibu bila kumeza mate. Ukiniambia, "Haya, tengeneza kitu," natazama dari. Programu pekee niliyoweza kuiandika ni ile ya kuonyesha kwenye skrini maneno "Habari, Dunia". Na dunia yenyewe haikuitikia.

Mama mdogo ana genge. Anauza nyanya, vitunguu, mkaa wa kopo, mafuta ya kupima. Nusu ya wateja wake wanakopa, na deni lao limo katika daftari lililolowa mafuta, kurasa zimeanza kuachana. Jioni moja alinikuta nimeinamia kompyuta, akauliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kinaweza kunihesabia madeni?"

Nikamjibu, "Kinaweza, Mamdogo."

Kidude kilikuwa kinaweza kweli. Mimi ndiye nilikuwa siwezi. Lakini neno likishatoka, basi, na usiku ule ule nikaanza. Kwa wiki mbili nilijifunza mambo mengi kuliko miezi mitatu ya kukariri, kwa sababu sasa kila nilichokisoma kilikuwa na kazi ya kufanya. Baadaye nilipoanza kusoma historia ya lugha hizi, niliona kuwa waliozitunga walilijua jambo hilo kitambo.

Turudi nyuma, mpaka Marekani, katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire. Pale kipo Chuo cha Dartmouth. Walimu wawili wa hisabati, John Kemeny, mzaliwa wa Budapest aliyewahi kuwa msaidizi wa Einstein, na mwenzake Thomas Kurtz, walikuwa na wazo lililoonekana kama kichekesho: kila mwanafunzi atumie kompyuta, hata yule wa historia na fasihi. Siku hizo kompyuta ilikuwa mali ya wachache. Uliandika programu yako kwenye kadi za kutobolewa, ukampa fundi, ukasubiri. Ukikosea nukta moja, unarudishiwa kadi zako na kosa lako, unaanza tena foleni. Nani angejifunza hivyo? Ni sawa na kumfundisha mtu baiskeli kwa barua.

Basi wakatunga lugha nyepesi, wakaiita BASIC. Maagizo yake yalikuwa kama 15 hivi, mengi yakiwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Pia wakaunda, kwa mikono ya wanafunzi wao wa shahada ya kwanza, mfumo wa kuwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC zikafanya kazi. Sasa mwanafunzi aliandika, akaona jibu palepale, akakosea, akarekebisha, akaendelea. Mihadhara ilikuwa michache. Iliyobaki ilikuwa kazi. Na vijana, kama ujuavyo, hawakuishia kwenye hesabu za darasani. Wakaandika michezo! Mwaka 1978 kitabu cha David Ahl kilichokusanya michezo ya BASIC kilitoka upya, kikawa kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Msomaji alikaa na kitabu pajani, akanakili mchezo mstari kwa mstari, halafu akaanza kuuchokonoa: nikibadilisha namba hii, itakuwaje? Hapo ndipo shule ilipoanza.

Wa pili ninayetaka umjue ni mtoto wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri, kisha akaenda Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga lugha ya watoto iitwayo Logo. Logo ikaja kuwa na kobe. Kwanza alikuwa roboti mdogo wa kutambaa sakafuni akichora kwa kalamu, baadaye akahamia kwenye skrini. Mtoto anamwambia: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90. Akirudia mara nne, anapata mraba. Akitaka nyumba, atatafuta mwenyewe namna ya kuweka paa juu ya mraba. Paa likitoka upande, hapigwi viboko. Anatembea kwa miguu yake kama kobe mpaka aone alipokosea. Kwa Papert, kosa halikuwa dhambi ya kufutwa kwa aibu. Lilikuwa jambo la kuchunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kobe huyo alifika Dakar, Senegal, katika mradi ambao Papert alishiriki kuuanzisha, watoto wa Kiafrika wakamwendesha.

Na huku kwetu je? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya alfajiri ile ya Dartmouth. Hatukuchelewa kihivyo! Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zuio lilifuatia matatizo ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, kazi iliyotegemea sana wataalamu wa kutoka nje. Siwacheki wazee wetu. Fedha za umma si mchezo, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila naona fundisho moja: chombo ambacho wewe mwenyewe hujawahi kukifungua, kikiharibika unabaki na mawili tu, kumwita mgeni au kukitupa. Zuio likaja kulegezwa, lakini miaka ile ambayo vijana wa Dartmouth walikuwa wakichokonoa michezo, kijana wa Dar hakuwa na cha kuchokonoa.

Mimi nilikuwa nacho. Ndipo tunaporudi gengeni.

Programu yangu ilihifadhi deni kwa jina la mteja. Unaandika jina, unaandika kiasi, inajumlisha. Mama mdogo alifurahi, akaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni injinia. Jumamosi moja asubuhi, genge limejaa, alipita Mama Asha, mwanamke mpole anayekaa karibu na bomba. Mama mdogo akamwambia, tena kwa upole, kwamba deni lake limefika shilingi 13,500. Mama Asha akaweka kikapu chini. "Dada, mimi nadaiwa elfu mbili na mia tano. Nimewahi kukudhulumu?" Watu wakageuka. Mama mdogo akanitazama, mimi nikaitazama kompyuta.

Mtaani kwetu Mama Asha wako wawili. Mwingine anakaa mwembeni, naye alikuwa anadaiwa 11,000. Daftari la mafuta lilijua hilo miaka yote: limeandikwa "Mama Asha bombani" na "Mama Asha mwembeni". Mimi msomi, wakati wa kunakili, niliona hayo maneno ya ziada ni uchafu, nikayaacha. Kompyuta ikafanya nilichoiambia: ikawafanya watu wawili kuwa mmoja.

Jioni tulikwenda bombani, mama mdogo na mimi, kuomba radhi. Mama Asha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza." Basi. Sijapata mwalimu aliyenifundisha kwa maneno machache kama hayo.

Kitabu changu kilikuwa na sura nzima kuhusu kumpa kila mtu alama yake isiyofanana na ya mwingine. Nilikuwa nimeikariri. Sikuielewa mpaka pale bombani. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, nami nilikuwa nimetafuna nta miezi mitatu. Usiku ule nikampa kila mteja namba, nikaweka na mahali anapokaa. Mama mdogo akaniwekea sharti: miezi miwili mizima daftari na kompyuta vitembee pamoja, na kila Jumapili tulinganishe. Tulilinganisha. Tukapata makosa mengine matatu, mawili ya kwangu, moja la kwake.

Wewe unayesoma gazeti hili pengine hutaki kompyuta, unataka kuandika hadithi. Ni mamoja. Unaweza kukariri kanuni zote za riwaya na usiandike ukurasa mmoja wa kumgusa mtu. Iwe Python au hadithi, tafuta mwenye daftari lililolowa mafuta, mwulize anahitaji nini, uanze leo na kidogo unachokijua. Utakosea. Ukikosea, nenda bombani ukaombe radhi, kisha rudi ukarekebishe.

Mama Asha wote wawili bado wanakopa gengeni. Wa bombani ni namba 7, wa mwembeni namba 31.