Al-Balad, Mtaa Uliojengwa na Mahujaji

Mwaka 647 Khalifa Uthman bin Affan aliifanya Jeddah kuwa bandari ya Makka, na Al-Balad, mtaa wa kale wa mji huo, ulikua kutokana na uamuzi huo. Mahujaji walioshuka vyomboni kutoka India, Java, Misri na pwani yetu ya Afrika Mashariki walihitaji malazi, maji na wenyeji wa kuwasafirisha hadi Makka.

Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja hatajiona mgeni mbele ya nyumba za Al-Balad. Ni za mawe ya matumbawe yaliyotolewa pwani papo hapo. Kati ya safu za mawe mafundi walilaza mbao ili kugawanya uzito, ndiyo maana kuta hizo ziliweza kubeba ghorofa nyingi. Kisha zikaja roshani kubwa za mbao zilizochongwa nakshi, zikiingiza upepo wa baharini na kuwasitiri waliomo ndani. Eneo hilo la Hijazi lina misitu michache, hivyo mbao nyingi zilivuka bahari.

Ukuta wa mji ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa hofu ya Wareno, wale wale walioteketeza Mombasa mwaka 1505. Walifika Jeddah mwaka 1517, wasiweze kuitwaa.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zikaongezeka, na fedha pia. Kati ya 1872 na 1881 ilijengwa nyumba ya ukoo wa Nasseef, yenye mwarobaini maarufu mbele yake. Hapo ndipo Mfalme Abdulaziz, mwasisi wa Saudi Arabia, alipofikia Desemba 1925, Jeddah iliposalimu amri kwake.

Mwaka 1947 ukuta ulibomolewa. Mji wa zama za mafuta ukatanuka nje, koo kubwa zikahama, vyumba vikapangishwa wahamiaji maskini. Moto na mvua vikaangusha nyumba nyingi. Nasema wazi: wapangaji hao wanastahili heshima, kwani waliendelea kuwasha taa mtaani wakati wenye nyumba wamekwisha kuondoka.

UNESCO iliiorodhesha Jeddah ya kale mwaka 2014, na mwaka 2019 serikali ya Saudi Arabia ilitangaza riyali milioni 50 za kunusuru majengo 56. Ukarabati huo ni wa lazima. Lakini ningependa vyumba vya juu virudishiwe familia na watoto, siyo mikahawa na makumbusho peke yake, kwa sababu nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kulaza watu.