Hitilafu za kiendeshi cha diski baada ya kuunda upya kiini cha Linux

Hitilafu za kiendeshi cha diski baada ya kuunda upya kiini cha Linux ni makosa yanayotokea pale kompyuta inapowashwa kwa kiini kipya, na kiini hicho kikashindwa kuifikia diski yenye mfumo wa uendeshaji. Kiini, ambacho wengine hukiita kerneli, ni sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu, prosesa na vifaa vyote vya kompyuta. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki, Ufini, mwaka 1991. Msimbo wake chanzo uko wazi, hivyo mtu yeyote anaweza kuubadilisha na kujiundia kiini chake mwenyewe.

Dalili inayojulikana zaidi ni skrini kusimama ikiwa na maneno "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Maana yake ni kwamba kiini kimeshindwa kufungua mfumo wa faili wa mzizi, ambamo programu nyingine zote zimehifadhiwa. Wengi wakiona hivyo hudhani diski imekufa, wakaifuta na kusimika mfumo upya. Kwa kufanya hivyo hupoteza kazi zao bure, maana kwa kawaida data zote bado zipo salama. Kipimo cha kwanza ni rahisi: kuwasha kompyuta kwa kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida bado kimo katika orodha ya GRUB. Kikiwaka, diski ni nzima na kosa limo katika kiini kipya.

## Chanzo

Kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini kuzungumza na kifaa fulani. Wakati wa kuunda kiini, kila kiendeshi hupewa mojawapo ya hali tatu: *y*, yaani kimeingizwa ndani ya kiini chenyewe, *m*, yaani kimetengwa kama moduli, faili inayopakiwa baadaye, au *n*, yaani kimeachwa kabisa.

Tatizo huanzia kwenye *m*. Moduli huhifadhiwa katika saraka ya /lib/modules, na saraka hiyo imo ndani ya diski. Ikiwa kiendeshi cha diski nacho ni moduli, kiini kinahitaji kusoma diski ili kipate kiendeshi cha kusomea diski. Ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo ndani ya nyumba.

Dawa ya kawaida ni initramfs, faili ndogo yenye moduli za lazima ambayo GRUB huipakia kwenye kumbukumbu pamoja na kiini. Kila kiini kinahitaji initramfs yake. Debian na Ubuntu huiunda kwa amri ya update-initramfs, Fedora hutumia dracut, na Arch hutumia mkinitcpio. Mtu akisahau hatua hii, au akisahau "make modules_install" inayoitangulia, hupata kosa lililotajwa hapo juu. Hali ni hiyo hiyo nafasi ya /boot ikijaa na initramfs ikaandikwa nusu. Asiyetaka kutumia initramfs anaweza kuweka *y* kwa viendeshi vyote vinavyohusika.

## Kusoma ujumbe

Ujumbe wa kosa hueleza mengi kuliko watu wanavyodhani, na inafaa kuupiga picha kwa simu kabla ya kuzima kompyuta. Namba mbili zilizo kwenye mabano ni namba ya aina ya kifaa na namba ya kifaa chenyewe. (0,0) maana yake kiini hakikupata kifaa chochote chenye jina lililotajwa. Zikiwa (8,1), hali ni tofauti kabisa: 8 ni aina ya diski zinazopita katika mfumo wa SCSI, zikiwemo za SATA, na 1 ni partisheni ya kwanza ya diski ya kwanza. Hapo diski imeonekana, ila kilichomo ndani hakisomeki. Mara nyingi ni kwa sababu mfumo wa faili, kwa mfano ext4 au XFS, haukuwekwa kwenye kiini.

Juu kidogo ya mstari huo, kiini huorodhesha partisheni kilizoziona. Orodha ikiwa tupu, kiendeshi cha diski hakipo. Orodha ikiwa na diski, jina lililoandikwa baada ya "root=" katika mipangilio ya GRUB ndilo la kukaguliwa kwanza.

Kwenye Debian na jamaa zake, initramfs ikiwepo lakini diski isionekane, mtumiaji hufikishwa kwenye mstari wa amri ulioandikwa (initramfs). Hapo amri ya "cat /proc/modules" huonyesha moduli zilizopakiwa, na "ls /dev/disk/by-uuid" huonyesha diski zilizopatikana. Diski za USB wakati mwingine huchelewa tu kuamka, na kuongeza "rootdelay=10" kunatosha.

## Viendeshi vinavyosahaulika

Kabla ya kuunda kiini, ukiwa bado ndani ya mfumo unaofanya kazi, amri ya "lspci -k" hutaja kidhibiti cha diski pamoja na kiendeshi kinachotumika. Diski ya SATA kwa kawaida huhitaji CONFIG_SATA_AHCI, lakini hiyo peke yake haitoshi: bila CONFIG_BLK_DEV_SD kidhibiti kitaonekana na diski haitaonekana. Hili huwasumbua hata wazoefu, kwa sababu chaguo hilo limewekwa chini ya SCSI, na mwenye diski ya SATA haoni sababu ya kuangalia huko. Diski za NVMe huhitaji CONFIG_BLK_DEV_NVME, na mashine pepe nyingi huhitaji CONFIG_VIRTIO_BLK.

Njia yenye hatari ndogo ni kunakili mipangilio ya kiini kinachofanya kazi, ambayo mara nyingi imo katika /boot, kisha kuendesha "make olddefconfig". Amri ya "make localmodconfig" hupunguza sana muda wa kuunda kiini, lakini huondoa moduli zote ambazo hazijapakiwa wakati huo.

## Majina ya diski

Zamani diski za IDE ziliitwa /dev/hda, na zilipohamishiwa kwenye viendeshi vya libata zikaitwa /dev/sda. Viendeshi vya zamani vya IDE viliondolewa kabisa katika toleo la 5.14 la mwaka 2021. Hata leo, sda na sdb zinaweza kubadilishana nafasi. Kwa hiyo ni bora kutumia UUID, inayopatikana kwa amri ya blkid. Ila kiini chenyewe hakielewi UUID ya mfumo wa faili bila msaada wa initramfs. Kikiwa peke yake kinaelewa PARTUUID.

## Kuokoa mfumo

Kama kiini cha zamani kimefutwa, kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Linux, kisha partisheni ya mzizi huunganishwa kwenye /mnt. Saraka za /dev, /proc na /sys huunganishwa ndani yake kwa "mount --bind", na amri ya chroot humwingiza mtumiaji kwenye mfumo wake ili aunde initramfs upya. Ikiwa /boot ni partisheni ya peke yake, nayo iunganishwe kwanza. Vinginevyo faili mpya zitaandikwa kwenye saraka tupu, na GRUB itaendelea kusoma zile za zamani kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Kuzuia hali hii ni kazi ndogo: kukipa kila kiini kipya jina lake kwa CONFIG_LOCALVERSION, ili moduli zake zisifute zile za kiini kinachofanya kazi.

Diski iliyoharibika kweli huwa na dalili nyingine. Huonekana kwa jina lake, kisha hutoa ujumbe wa "I/O error" unaotaja namba za sekta, na hufanya hivyo hata kwa kiini cha zamani au kwa flashi. Hapo data zinakiliwe kwanza, ndipo smartctl itumike kuichunguza.